Mmetuletea Betri, Tupeni na Ufundi

Nyuma ya uwanja wa Tononoka, hapa Mombasa, chini ya mwarobaini, pana kijana anayetengeneza tuktuk. Namjua tangu akiwa mtoto wa kushika tochi, babake amelala chali uvunguni mwa gari. Tuktuk ikipita nyuma yake hageuki. Atakwambia vali imelegea au klachi inateleza, na hakosei. Mwezi uliopita nilimkuta amekaa juu ya tairi, mikono ameikunja, mbele yake pikipiki ya umeme. Mwenyewe, kijana wa bodaboda, alikuwa ameisukuma juani kutoka Buxton. Betri imejaa, taa zinawaka, honi inalia, gurudumu halizunguki.

"Imekuwaje?" nikamwuliza.

"Ami, hii sijafunzwa. Na nimeambiwa nisiiguse. Nikifungua parafujo moja tu, waranti imekwenda."

Wakapiga simu kwa waliouza. Wakaambiwa fundi atatoka Nairobi. Alifika siku ya tisa, nami nilikuwepo. Akafungua kifuniko cha usukani, akachomoa swichi ya breki, ndogo kama kokwa ya tende, akatuonyesha. Ilikuwa imeshika kutu ya chumvi na kukwama, ikawa inaiambia mota wakati wote kwamba dereva ameshika breki, na mota kwa usalama ikikataa kuzunguka. Akatoa swichi mpya mkobani, akaipachika, akawasha. Dakika kumi na mbili. Ile ya zamani akaitupa chini, na kijana wa Tononoka akainama akaiokota.

Siku tisa kwa kazi ya dakika kumi na mbili! Siku tisa mwenye pikipiki hana mapato, mkopo unahesabu kila kukicha, na nyumbani jiko linamngoja yeye. Hasara hiyo haikuletwa na umeme. Imeletwa na uamuzi wa watu wenye ofisi na mihuri kwamba mashine zije Mombasa na ujuzi ubaki kwingine.

Niseme mapema nisije nikafahamika vibaya: mimi naupenda usafiri wa umeme na nautaka leo kuliko kesho. Anayepita Mwembe Tayari saa moja asubuhi, moshi wa dizeli umemshika koo na mtoto wa chekechea amemfunika pua kwa leso, hahitaji hotuba juu ya hewa safi. Hesabu nayo iko wazi. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita, na kila dereva wa tuktuk mjini aliiona tofauti kwenye hesabu ya tajiri jioni. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilikuwa imetenga bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku mzigo unapopungua. Na stima yenyewe ya Kenya kwa zaidi ya asilimia 80 hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Nchi ngapi duniani zina bahati hiyo? Rais William Ruto alipozindua mpango wa taifa wa usafiri wa umeme mwanzoni mwa Septemba 2023, aliuzindulia hapa hapa Mombasa. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Lakini ngoma ilipokwisha, nani alibaki na daftari la wanafunzi? Pikipiki zilihesabiwa hadharani. Vituo vya kubadilishia betri vilihesabiwa. Mafundi wa kuvitunza hawakuhesabiwa kwa sauti ile ile, na mpaka leo ukiwauliza vijana wa garaji za Tononoka, Majengo na Bondeni nani kati yao amekaa darasani akafunzwa betri ya lithiamu, watakutazama kama umeuliza nani amewahi kufika mwezini.

Na ninaposema fundi sisemi wa pikipiki peke yake. Kuna jamii nzima ya watu tunaowaita wataalamu wa nishati: fundi wa stima aliyetandaza waya nyumbani kwako, yule wa sola aliyepanda juu ya paa la msikiti, mtu wa laini wa Kenya Power anayening'inia kwenye nguzo mvua ikinyesha, mhandisi anayepanga transfoma iwekwe wapi na ya ukubwa gani. Hawa wote walifundishwa kwamba stima ni mambo ya nyumba, kiwanda na taa za barabarani. Usafiri ulikuwa wa watu wengine, wale wa mafuta na injini. Sasa ukuta huo umeanguka. Barabara imehamia kwenye nguzo ya stima, na aliyeshika nguzo hajaambiwa.

Chukua mfano mmoja. Chaja moja ya basi yaweza kuvuta kilowati 60. Weka mabasi kumi kwenye yadi moja pale karibu na mzunguko wa Tononoka, yote yachomekwe saa moja jioni madereva wakifunga kazi: hizo ni kilowati 600, na transfoma ya kVA 315 inayohudumia mtaa haina ubavu wa kubeba hata nusu ya mzigo huo juu ya feni na friji za watu. Ramadhani, saa ya futari, mtaa mzima utakaa gizani, na lawama itapewa mabasi. Dawa yake ni nyepesi kwa anayeijua: panga zamu, chaji mabasi usiku mwingi bei ikiwa nusu, tenganisha laini, soma mzigo kabla ya kusaini. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea stima na akasomea pia ratiba ya matatu, anayejua basi la Likoni linarudi saa ngapi na la Bamburi linaondoka saa ngapi. Mtu huyo ukimtafuta Mombasa leo utachoka, kwa sababu hakuna aliyemwandaa.

Mji huu una historia chungu ya kutoa mabega huku wengine wakishika ufunguo. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walilaza reli nyembamba kisiwani, na juu yake wakapitisha vigari vidogo vyenye paa la turubai, kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Mabwana walikaa. Vijana wa Mombasa walisukuma, wawili wawili, miguu mitupu, kwa miaka mingi mpaka motokaa zikaja. Huo ndio ulikuwa usafiri wa kisasa wa mji wakati huo! Reli kubwa ya Uganda ilipoanza kujengwa hapa mwaka 1896, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na mwenyeji akapewa mzigo wa kichwani. Tukaja tukapata reli mpya mwaka 2017, na miaka ya mwanzo uendeshaji wake ukawa mikononi mwa kampuni ya kigeni, Afristar. Sasa betri zimewasili. Nauliza waziwazi: safari hii pia ni zamu yetu ya kusukuma? Maana yule kijana wa bodaboda aliyetoka Buxton na pikipiki iliyozimika, jasho likimtiririka mgongoni, alikuwa anafanya nini kama si kusukuma?

Na kinachoniuma ni kwamba mikono ya Mombasa imeshathibitisha inaweza. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo, iliyoleta mabasi ya umeme barabarani Nairobi, iliingia mkataba na kiwanda cha AVA, hapa Mombasa, cha kuunganisha magari. Vijana wetu wakafunga mabasi ya umeme boliti kwa boliti. Kisha mabasi yakapanda barabara kuu kwenda kubeba watu wa Nairobi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikafungua njia yake ya kuunganishia huko Thika. Sina neno na mfanyabiashara anayefuata soko lake. Neno langu ni kwetu: bahati ile ilipita mlangoni mwetu, na hakuna chuo, kaunti wala wizara iliyosema vijana hawa wanaounganisha waandaliwe pia kutengeneza, na wanaojua watufundishie wengine.

Wapo watakaosema, "Si waende wakasome Nairobi?" Huko kuna chuo cha Kenya Power pale Ruaraka, kuna kituo cha utafiti wa nishati Strathmore. Ni mahali pazuri na nawaheshimu wanaofundisha pale. Ila Nairobi haina bahari. Ile swichi ya breki iliua pikipiki kwa sababu ya chumvi, na chumvi ni mwalimu anayepatikana pwani peke yake. Hewa ya hapa inaingia kwenye kila kiungo cha waya, inakula shaba mpaka igeuke kijani. Joto la Februari linapika betri iliyoachwa juani pale stejini. Betri ya lithiamu inayochajiwa ikiwa moto sana inazeeka upesi, na betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya chombo. Mvua za masika zikija, kuna barabara za kisiwa hiki zinazogeuka mito, na tuktuk inapita maji yakiwa usawa wa sakafu. Nairobi ni baridi, iko juu, usiku wake unapoza betri bure. Fundi aliyefunzwa kule akashuka huku anakutana na magonjwa ambayo mwalimu wake hajayaona. Elimu ya kazi hii lazima ioteshwe kwenye chumvi yenyewe.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mombasa inajua betri inaweza kuwafanyia watu nini pale inapoguswa na wasiofunzwa na kusimamiwa na wasiojali. Owino Uhuru iko hapa hapa, Jomvu. Kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu za magari kutoa risasi, yale madini, na sumu yake ikaingia kwenye udongo, kwenye mabati, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alipiga kelele mpaka akakamatwa, na dunia ikamtuza tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2024. Hesabu hiyo ya fedha haimrudishii mama mimba iliyoharibika. Kisha leo tunaingiza maelfu ya betri za aina mpya mjini, kila moja ikiwa na umri wa miaka kadhaa tu, na hatujui nani ataipokea ikifa, nani ataipima iwe bado inafaa kuwasha taa za duka, nani ataifungua bila kushika moto. Lithiamu ikishika moto haizimwi kwa kutupia mchanga na dua. Inatoa gesi ya sumu, inawaka tena baada ya kudhani imezimika, inataka maji mengi na mtu anayejua anachofanya. Sasa fikiria moto huo kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, nyumba zimeegemeana bega kwa bega, gari la zimamoto halipenyi. Mnataka tujifunzie hapo?

Watu wa warsha watasema mafunzo yapo. Nimekwenda kwenye warsha moja, nasema nililoliona. Siku tatu hotelini upande wa bara, viyoyozi vikivuma, picha za mabasi ya Ulaya ukutani, chai ya saa nne, chakula cha mchana, cheti chenye nembo tano. Tulikuwa watu hamsini na zaidi. Betri haikuwepo chumbani. Fundi wa garaji hakuwepo. Hakuna aliyeshika hata bisibisi. Siku ya mwisho mtu mmoja wa kutoka Kisauni, mzee mwenye leseni ya stima ya miaka mingi, alisimama akauliza, "Ndugu zangu, mimi nikiitwa kufunga chaja ya tuktuk kesho, naanza wapi?" Akaambiwa swali lake ni zuri na litaingizwa kwenye ripoti. Fedha za siku tatu zile zingenunua pikipiki mbili za kufunguliwa na kufungwa mpaka kila mtu aote jinsi zilivyo ndani.

Wala hili si la kungoja Nairobi ituhurumie. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti. Humo mna usafiri wa umma wa kaunti. Humo mna usambazaji wa stima na udhibiti wa nishati. Humo mna vyuo vya ufundi vya vijijini. Vitu vitatu ambavyo kazi hii inavihitaji vimewekwa mkono mmoja, na Sheria ya Nishati ya 2019 ikaongeza kwamba kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mheshimiwa Gavana Abdulswamad Nassir, mamlaka hayo ni yako. Mpango wa nishati wa Mombasa usiotaja tuktuk, feri na bodaboda, usiosema ni mafundi wangapi watafunzwa na chuo gani kwa mwaka gani, huo ni karatasi.

Na chuo kipo. Ukitoka Tononoka kwa miguu ukafuata njia ya Tudor, kabla jasho halijakauka umefika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wetu wanakijua kwa jina la MIOME. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mji huu ukiwa na bandari inayokua na vijana wa Kiislamu wa pwani wakiachwa nyuma katika kazi za mitambo, zilikusanywa fedha za kujenga chuo cha ufundi: za Aga Khan, za Sultani wa Zanzibar, za jamii ya Mabohora, na za serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Shabaha ilikuwa ufundi wa mkono kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote. Watu wale waliona mashine ya zama zao inakuja wakasema, vijana wetu wataifungua. Baadaye ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Nakitakia heri chuo hicho kwa moyo wote, na ndiyo maana nakidai. Milango yake ya karakana ifunguliwe kwa fundi asiye na alama za kidato cha nne, kwa lugha anayoiota. Huyu kijana wangu anasema waya, fyuzi, chaji, shoti, mota. Msamiati wa kazi anao tayari. Kinachomfungia nje ni kitabu cha Kiingereza na fomu ya kuomba nafasi.

Majirani hawakungoja. Makerere mwaka 2011 wanafunzi na walimu wao walitembeza gari la umeme walilolitengeneza wenyewe, Kiira EV, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye sola juu ya paa. Leo kuna kiwanda Jinja. Kigali imefunga mlango tangu Januari 2025: pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kubeba abiria. Dar es Salaam wamejaribu bajaji za umeme za kuwafikisha watu kwenye mabasi ya mwendokasi. Kila mmoja ana matatizo yake, lakini amejifunza kwa kugusa.

Basi hili ndilo ninalolitaka, na nitalirudia kila watakaponiachia nafasi hii ya gazeti. Tume iliyoitangulia EPRA iliweka madaraja ya mafundi wa sola, T1 mpaka T3, kwa kanuni za mwaka 2012. Betri na chaja za barabarani nazo zipewe ngazi yake inayoeleweka, na ngazi ya chini kabisa iwe ya mtu wa garaji, apimwe kwa mkono wake. Fundi aliyejifunza kazini apimwe ujuzi alionao na apewe karatasi yake, asianzishwe upya kama mtoto. Kampuni yoyote inayouza chombo cha umeme ndani ya kaunti hii ipewe sharti kwenye kibali chake cha biashara: acha vyombo viwili chuoni, acha michoro yake kwa Kiswahili, acha vipuri mjini. Zimamoto wa Mombasa wafunzwe kabla ya moto wa kwanza. Na darasa lianze baada ya Isha, garaji zikiwa zimefungwa, watu thelathini, nusu kutoka kwenye injini na nusu kutoka kwenye stima, wakae benchi moja kwa sababu kila upande una nusu ya elimu ambayo mwingine anaihitaji.

Juzi nilipita tena chini ya mwarobaini. Ile swichi ya breki kijana ameiweka ndani ya kopo la maziwa, juu ya rafu ya spana. Ameifungua mara nne. Akanionyesha kwa ncha ya sindano mahali kutu ilipokamata, akaniambia ukipaka grisi kidogo hapa na ukaziba kitundu hiki kwa mpira, chumvi haiingii tena. Tayari wenye pikipiki watatu wamemletea zao awafanyie, kwa siri, wakihofia waranti.

Sikuambieni jina lake. Darasa la kwanza likifunguliwa nitamleta mimi mwenyewe mpaka mlangoni.